Plagi za Cheo

Katika gereji ya hospitali ile palikuwa na fundi ambaye wenzake walimbandika jina la Kitabu, wala hawakumpa kwa heshima. Kila gari lililoingia mikononi mwake, kabla hajagusa hata nati moja, alinawa kwa sabuni ya unga, akafungua kabati la bati, akatoa mwongozo wa gari hilo na kuusoma huku kidole kikifuata mistari. Mafundi wengine walifungua boneti kwanza wakafikiri baadaye. Yeye alikuwa na kasoro ya kufikiri kwanza, na kwa miaka ishirini na miwili ya utumishi kasoro hiyo haikumpandisha cheo hata siku moja.

Hospitali ilikuwa na magari mawili tu yaliyotembea. Gari la wagonjwa lilikuwa na injini ya kisasa, na mwongozo wake ulitaka plagi za iridiamu, zile za ghali zenye ncha nyembamba kama sindano. Gari la mkurugenzi lilikuwa kuukuu, refu, jeusi, likisuguliwa kila asubuhi hata mtu angeweza kunyolea ndevu mlangoni pake. Injini yake iliundwa kwa plagi za kawaida, na za ghali zisingeiongezea chochote.

Ndipo ukaja waraka kutoka utawala: plagi za daraja la kwanza zifungwe kwenye magari ya viongozi, na za kawaida kwenye magari ya huduma. Aliyeuandika hakuwahi kuishika plagi maishani, ila viti alikuwa ameviona vingi, na alijua kiti cha ngozi hukaliwa na nani. Basi akagawa plagi kama alivyozoea kugawa viti.

Kitabu akaenda stoo kulalamika. Mtunza stoo, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, alikwisha kuzipanga mezani.

"Mama, hizi umezigeuza."

"Sijageuza kitu, baba. Nimesoma waraka."

"Injini haisomi waraka."

"Wala hainilipi mshahara. Saini hapa upishe, kuna watu nyuma yako."

Nyuma yake hapakuwa na mtu. Akasaini, akafunga kama alivyoagizwa, na kwa hilo hakuwahi kujisamehe.

Wiki ya tatu gari la wagonjwa lilianza kukohoa na kumisi, moto wa injini ukikatikakatika. Siku moja saa nne asubuhi, likiwa limembeba mwanamke mwenye uchungu, lilizimika katikati ya kilima. Mtoto alizaliwa hapo hapo barabarani, akiwa mzima, kwa bahati tu wala si kwa mipango ya ofisi yoyote. Dereva alirudi gereji shati limemganda mgongoni.

"Kitabu, leo nimesukuma gari na mama mzazi wa mgonjwa. Amenitukana kwa adabu sana."

"Amesemaje?"

"Ameniuliza kama ningependa binti yake naye ashuke asaidie."

Kitabu hakucheka. Kesho yake gari la mkurugenzi lilipoletwa kubadilishwa oili, alifungua zile plagi nne za iridiamu, akazisafisha, akazifunga kwenye gari la wagonjwa. La mkurugenzi akalifungia nne mpya za kawaida. Kisha, kwa kuwa hakuwa mwizi, akaandika yote katika daftari la kazi, na saa akaitaja, kwa mwandiko mkubwa. Hakuna aliyelisoma. Daftari lile liligongwa mhuri kila Ijumaa na ofisa aliyetazama mhuri tu, asije akaugonga upande.

Mwezi mzima magari yote mawili yalikwenda kama maji. Kwenye kikao cha watumishi mkurugenzi akasimama, uso umemchangamka.

"Jamani, tofauti naisikia kwa masikio yangu. Nikikanyaga mafuta, gari linanong'ona tu. Hizi ndizo plagi tunazostahili. Tena naambiwa gari la wagonjwa nalo linakwenda vizuri kwa zile za kawaida. Kwa hiyo waraka uendelee, na za daraja la kwanza zote ziwekwe kwa ajili ya ofisi yangu."

Wakapiga makofi. Kitabu alikuwa kiti cha nyuma kabisa. Angenyamaza, ajira yake ingekuwa salama, na siku plagi zile zikichakaa, waraka ungempeleka mgonjwa mwingine kuzalia kilimani. Akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, gari lako lina plagi za kawaida. Tangu mwezi uliopita."

"Unasema nini, fundi?"

"Hicho unachosikia kikinong'ona ni plagi za kawaida, bosi. Za ghali ziko kwa wagonjwa. Miongozo ya magari ndivyo inavyosema, na daftari lipo."

Muuguzi mmoja aliangua kicheko akakigeuza kikohozi, na kikohozi kikaambukiza safu nzima.

Mkurugenzi asingeweza kuamuru zirudishwe bila kukiri kwamba masikio yake hayatofautishi kitu. Muhtasari wa kikao ukaandikwa kwamba yeye, kwa moyo wa kujitolea, amewaachia wagonjwa plagi zake, na kwamba kuanzia sasa kila gari litafungwa kwa kufuata mwongozo wake. Aya iliyofuata ilimpa fundi onyo la maandishi.

Barua ya onyo hilo alitakiwa airudishe ikiwa na saini, akaenda nayo nyumbani. Mkewe, mshonaji, alikuwa akipinda sare za shule. Akasimamisha cherehani, akaisoma.

"Wanasema umehamisha plagi kwa nia isiyojulikana. Hukuwaambia nia yako?"

"Nimewaambia mbele ya ukumbi mzima, mama watoto."

"Gari la wagonjwa linawaka?"

"Linawaka."

"Mara moja tu, au mpaka mlibembeleze?"

"Mara moja."

"Basi uongo usiusaini."

Akampa rula yake ya kushonea. Kitabu akalikata neno "isiyojulikana" kwa mstari ulionyooka, akaandika juu yake "ya kuwafikisha wagonjwa hospitalini," kisha akasaini.