Hadubini ya Taata

Baba alinipigia simu kutoka Muleba. "Mwanangu, macho yanakwisha. Njoo unitengenezee hadubini yangu, niangalie japo mara moja kabla sijapofuka kabisa." Presha ya macho haina huruma. Mimi ni fundi wa vifaa vya maabara. Ningeanzia wapi kukataa?

Hamugembe, Bukoba, asubuhi. Nilimsumbua mtu wa bodaboda hadi stendi: "Kaza mwendo, kaka!" Kosta ikaondoka kwa kujivuta. Kufika Kemondo, dereva akashuka kunywa chai. Chai! Nilitamani kushika usukani mwenyewe.

Muleba. Mama alinipokea mlangoni huku anajivuna. "Umeona inavyong'aa?" Alikuwa ameisugua shaba yote ya hadubini kwa majivu na limau, kama anavyosugua vinara vya kanisani kila Jumamosi. Nilichoka! Majivu yalikuwa yamejaa kwenye meno ya chuma yanayopandisha na kushusha bomba la lenzi. Nikazungusha kirungu cha pembeni, hakisogei.

"Mae, hiki si kinara!"

"Nilitaka uikute safi," akajibu, kanuna.

Nikafungua skrubu, nikasafisha jino kwa jino kwa mswaki na mafuta ya taa, nikamalizia na tone la mafuta ya cherehani. Baba aliitumia hadubini hiyo kwenye zahanati ya misheni mpaka akastaafu, na sasa hakutulia.

"Bado?"

"Bado, Taata."

Wingu nalo likatanda. Hadubini ya zamani haina taa. Kuna kioo kidogo chini yake, kama cha kujitazamia, kinachopokea mwanga wa angani na kuupandisha hadi jichoni. Nikaenda mlangoni, nikarudi, nikaenda tena.

Wingu lilipopita nikakigeuza kile kioo kwenye mwanga, nikamkalisha baba. Vidole vyake vikaenda vyenyewe kwenye kirungu.

"Subiri, Taata, nikuwekee..."

Hakusubiri. "Naona!" Machozi yakamtoka. "Vyumba vyote vile vya seli, mwanangu! Vimepangana kama matofali."

Ngozi ya kitunguu niliyomwandalia aitazame chini ya lenzi ilikuwa bado mkononi mwangu. Mama akaiona. Nikaitia mfukoni.

Aliponisindikiza barabarani, mama aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kesho nimwekee nini pale chini ya lenzi?"

"Usiweke kitu, Mae. Mgeuzie tu kioo kwenye mwanga."

Nililia njia nzima hadi Bukoba. Miaka yote nimewaambia wateja wangu kwamba pasipo na kitu chini ya lenzi, hakuna cha kuona. Siku hizi sisemi hivyo tena.