Ulimi, Bibi

Mwanamke wa sindano wa Mkunazini, anayetibu maumivu kwa kuchoma sindano tupu, huosha mikono mara tatu, huikausha kidole kimoja kimoja, kisha husema kwa sauti ya mtu anayeomba kibiriti: "Ulimi, bibi." Ukimweleza goti, ulimi. Ukimwuliza sindano zake zina dawa gani, atakwambia hazina dawa, na tena ulimi. Bi Mwanakheir wa Matemwe alikuwa kesharudishwa mara mbili na goti lake bovu, naye alilotaka ni kusujudu chini kama watu, basi, si kusali juu ya kiti. Mara ya kwanza alikataa: tangu lini mtu mzima akamtolea mwenziwe ulimi? Mara ya pili aliutoa, lakini alikuwa kausugua kwa mswaki na chumvi mpaka ukachubuka, wekundu wake usije ukamtoa kuwa ni mla tambuu.

"Umenifutia barua kabla sijaisoma," akasema yule mwanamke. "Rudi Jumatano. Usiusugue."

Jumatano Bi Mwanakheir alifika kanuna. "Mwekundu, nakwambia mapema. Usije ukanitangaza mji mzima." Mwenye sindano hakucheka. Alimaliza kukausha kidole cha mwisho, akavuta kiti karibu, akautoa ulimi wake mwenyewe: mwekundu wa tambuu, na chembe ya popoo imenata pembeni. "Rangi yake naijua," akasema. "Haya, wako."

"Ala! Kumbe nawe mla tambuu! Na safari zote hizo za kutoka Matemwe, bure!" Bi Mwanakheir akafoka, akautoa wote, kwa hasira.