Vifupisho Kwenye Kamba ya Nguo

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, na tangazo la kazi ya ukarani serikalini lilitaka watu wasiozidi thelathini na mitano. Mtihani huo nilikuwa nimeufanya mara mbili na kuanguka mara mbili. Wa tatu ungekuwa wa mwisho.

Siku hizo nilifua nguo za watu Kawangware. Kila asubuhi nilitoka nyumbani Makina kwa miguu, na ndani ya mkebe mtupu wa siagi nilikuwa nimekunja karatasi tatu zenye vifupisho vya serikali: wizara, tume, mamlaka na mabaraza, kila kimoja na kirefu chake. Nilizitoa nakala saiba, kwenye duka la kompyuta, kutoka kwa nakala ya mtu mwingine, ambaye naye alizitoa kwa mwingine. Pembeni kulikuwa na miandiko ya watu nisiowajua, kila mmoja ameongeza yake. Mara zote mbili ni vifupisho vilivyoniangusha.

Kusoma nyumbani sikuweza. Nikifika, mgongo ulikuwa umekwisha. Kwa hiyo nilisomea kwenye kamba. Kila nguo niliyoanika niliipa kifupisho. Sweta la shule lilikuwa tume ya walimu, shati jeupe la mwenye nyumba mamlaka ya kodi, nepi za mtoto bima ya afya. Nikifika mwisho wa kamba nilirudi mwanzo, nikitaja virefu kwa sauti ya chini.

Aliyenisikia ni mama mmoja wa Kitui, aliyefulia nyumba ya pili katika ploti hiyo hiyo ya nyumba za kupanga. Hakumaliza shule ya msingi na hakuona haya kulisema. Aliniita Ofisa. Aliniuliza soksi ni wizara gani, chupi ni idara gani, na mimi nilimjibu bila kucheka, kwa kuwa ilinisaidia kukumbuka.

Siku moja nilipofika kwenye nepi na kuitaja bima ya afya, alisimamisha mikono ndani ya povu.

"Ofisa, hiyo ilikufa."

Nikamwambia iko kwenye karatasi.

"Karatasi yako haijapanga laini na watu pale ofisini kwao. Mimi nimepanga, na mtoto mgongoni. Walituambia ile ya zamani tusahau, tujiandikishe kwa hii mpya."

Akanitajia herufi za hiyo mpya. Kirefu chake hakukijua. Sikumwamini, na ukweli ni kwamba niliona vibaya kusahihishwa na mtu asiyejua Kiingereza. Jioni nilipitia saiba, kijana wa pale akatafuta kwenye kompyuta. Mama alikuwa sawa. Lakini kijana alinionya kwamba, kwa alivyosikia, hata wanaosahihisha hutumia orodha ya zamani.

"Andika kile wanataka, sista, si kile kiko," alisema.

Wiki mbili nilifua nikiwa na majibu mawili kwa nepi zile zile.

Siku ya mtihani swali lilikuja, karibu na mwisho: taja kwa kirefu shirika la umma la bima ya afya. Nilifumba macho, nikapitia kamba kutoka sweta hadi shati, nikafika kwenye nepi. Nikaandika jina jipya. Sitasema ulikuwa ujasiri. Nilikuwa nimechoka, na niliyemwona pale alikuwa yule mama kwenye laini na mtoto wake.

Kesho yake tulikuwa tunakamua blanketi, yeye huku, mimi kule. Nikamweleza nilichoandika.

"Na wakikukatalia?"

Nikamwambia hakuna mara nyingine.

"Zungusha basi, bado lina maji," alisema.

Ujumbe uliingia kwenye simu baada ya miezi miwili, nikiwa nimeinamia beseni. Nilikuwa nimepita. Niliitwa kwenye usaili baada ya siku nane, nije na stakabadhi halisi: ya kodi, ya polisi kuhusu tabia njema, ya maadili, na ya kujiandikisha bima ya afya. Zote ziliandikwa kwa vifupisho na zote nilizijua kwa kirefu. Mkononi sikuwa na hata moja. Miaka yote ile ya kukariri, sikuwahi kwenda kwenye hizo ofisi.

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mama wa Kitui aliniomba nimsomee, nikamsomea, naye akahesabu kwa vidole. Ofisi nne, siku nane, na Jumapili katikati.

"Anza na ya afya, hiyo naijua," alisema. "Fika kabla hawajafungua. Usikae upande wa jua. Ukiambiwa mtandao umepotea, usitoke kwenye laini, wengi hutoka hapo."

Nikamwambia nina nguo za nyumba mbili hazijaguswa.

Alivuta beseni langu upande wake kwa mguu, akachukua nepi ya juu na kuanza kuisugua.