Vipele Vilivyotangulia Maji ya Majani

Siku yangu ya kwanza kazini, Masera Mkubwa, mtawa aliyesimamia uzazi, alinikuta nimevaa glavu kabla hata ya kusalimia wagonjwa. Akanivua glavu zile mwenyewe. "Mikono ingoje," akasema. "Anza na macho, kisha masikio. Usipomtisha mama, atakuambia ugonjwa wake." Nilikuwa msichana mwoga, na uoga ule sikuuacha mpaka pensheni. Wenzangu walinitania: Mama Wasiwasi huyo! Wacha wacheke. Kwenye uzazi, asiye na wasiwasi ndiye wa kuogopwa.

Nilianzia Ubundu, kule reli inakoishia, wakanihamishia Banalia, kisha nikaja Kisangani mjini, kwenye nyumba moja ya uzazi ya mtaa wa Makiso, nikazeekea hapo. Kote huko ugonjwa ulionikosesha raha ni herpesi, malengelenge ya sehemu za siri. Maabara yetu iliweza kupima kaswende kwenye damu, lakini kipimo cha herpesi hatukuwa nacho. Tuliitambua kwa kuangalia na kuuliza. Kidonda cha kaswende mara nyingi ni kimoja, kigumu, wala hakiumi. Herpesi huja na vipele vidogo vya maji vilivyosongamana. Vikipasuka, mama anaogopa hata kwenda kukojoa, na mitoki inavimba kwenye kinena. Aliyeipata zamani, damu yake imekwisha kumpa mtoto kinga, hivyo hatari inapungua sana. Ikimpata mara ya kwanza karibu na kuzaa, mtoto anapita kwenye vidonda bila kinga. Anaweza kufa, au akapona na ubongo ulioharibika.

Sasa, huku kwetu kuna jambo linalotuchanganya. Mimba ikikomaa, wamama wengi wanakalia maji ya moto ya majani na maganda ya miti, eti njia ilainike. Maji yale yanachoma. Ukiona vidonda, kila mtu anakuambia ni maji, na kweli ngozi unaiona imeungua.

Ndivyo alivyonijia Bibiche, mke wa mvuvi wa kule kwenye maporomoko ya mto. Mimba ilikuwa ya kwanza na uchungu umeanza asubuhi ile. Alikuja kwa miguu, mume wake akisukuma toleka tupu kando yake, maana kukaa kwenye baiskeli kulimshinda. Nyuma yao alikuja mama mkwe, bibi waliyemwita Koko Albertine, na kapu la nguo kichwani.

"Iko maji tu ilimuchoma," Koko akasema kabla sijauliza. "Mimi mwenyewe nilimupikia majani. Atazaa muzuri."

Niliangalia. Ngozi nyekundu, vidonda vidogo vidogo. Kama vipele vya maji vilikuwepo, basi vilikwisha kupasuka. Roho ikawa juu. Nikamwita Daktari Mkuu, mzee mpole asiyependa kukisia. Akaangalia, akanivuta pembeni.

"Alors, mimi niko mwanaume, na bwana yake iko hapa. Hataniambia kitu. Muulize weye, mukiwa wawili tu: nini ilianza mbele, maji ao vidonda?"

Nikawatoa wote, nikafunga mlango, nikakaa karibu naye.

"Bibiche, mama yangu, uliwashwa nyuma ya kukalia maji, ao mbele ya kukalia?"

Alilia kwanza. "Mbele, Mama. Iliwasha, kisha ikauma sawa pilipili. Nikasikia na homa. Ndiyo nikaomba Koko anipikie majani, nikamudanganya iko ya kulainisha njia. Niliogopa watasema natembeaka na wanaume."

"Ulishaka kuona vipele hivi zamani?"

"Hapana. Hata siku moja."

Lo! Nilitoka mle chumbani mbio. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama chupa ya uzazi imepasuka. Bado. Akaagiza chumba cha upasuaji kitayarishwe.

Koko akawaka. "Kumupasua mutu juu ya maji ya moto? Munakuwa wazimu?"

Daktari alimgeukia mume. Akamwambia: "Papa, huu ugonjwa unaweza kulala kwa mwili miaka bila kuonekana. Nani aliuleta, hatujue, na hatutafute. Mutoto asipite njia hii, ni hiyo tu."

Kijana alimtazama mama yake, akaitazama sakafu. "Docteur, mupasue."

Mtoto wa kike alitoka akilia vizuri, watu wakapiga vigelegele. Mimi sikupiga. Ugonjwa huu unaweza kujificha siku kadhaa, ndipo mtoto anakataa ziwa, anapata homa, analala kupita kiasi. Kila asubuhi nilikagua ngozi yake kabla ya kumsalimia mama yake. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Ndipo Koko akaja kubariki, ukoo nyuma yake. Kwao, bibi humnyunyizia mjukuu mate usoni na kumwita jina. Akainama, na mwangaza wa dirisha ukampiga mdomoni. Pembeni ya mdomo vipele vidogo vya maji, vimesongamana.

"Koko, ngoja!"

"Iko homa tu ilinitokea kwa mudomo. Mulimupasua, sasa munakataza na baraka?"

Ningemwambiaje, mbele ya ukoo, kwamba kilichomtoka mdomoni ni ndugu ya kile kilichomchoma mkwe wake? Bibiche, niliyekuwa nimemweleza kwamba vipele hivi hutoka hata mdomoni, akamvuta mtoto kifuani, akasema polepole: "Mama, baraka haiozake njiani. Simama kwa mudomo wa mulango, ubariki."

Koko alitutazama sote kwa hasira. Kisha akarudi nyuma, akasimama mlangoni, akambariki mtoto kwa sauti, machozi yakimtoka. Mtoto yule hakuugua. Leo anauza samaki na mama yake.

Vijana mnaoingia kazi hii, pengine mtapata vipimo ambavyo sisi hatukuvipata. Vitumieni, lakini ulizeni pia nini kilitangulia.

Jana mwanangu aliniletea mjukuu wangu mchanga nimbariki. Tangu asubuhi mdomo ulikuwa unaniwasha, kule kuwasha ninakokujua. Nilirudi nyuma mpaka nikagusa ukuta.

"Mama, unamukataa?"

"Namupenda, mwanangu. Namupenda sana. Simama palepale naye."

Nikaenda mlangoni.