Kambi Isiyotaka Msumari

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimepakia marobota ya pamba Magu nikiwa na miaka kumi na mitatu. Nimeibiwa nikiwa macho, na aliyeniibia akanipungia mkono. Nimeuziwa mbao zilizooza ndani, nikazigeuza kuni, na bado nikapata faida. Shule niliishia darasa la nne, lakini leo ukifika Igogo ukaulizia yadi ya mbao, utaonyeshwa kwangu kabla hujamaliza swali. Sasa mtu kama huyo utamwonyesha nini kipya?

Basi siku moja akaingia yadini mama mmoja mfupi, mwalimu mstaafu, miwani imefungwa kwa uzi, amevaa sare ya kaki na skafu shingoni kama mtoto wa shule. Akanipa mkono wa kushoto.

"Mwalimu, mkono wa kushoto tena? Tumegombana?"

"Ndivyo skauti tunavyosalimiana, bwana mdogo. Huu ndio wa upande wa moyo."

Bwana mdogo! Mimi, mwenye fuso mbili! Lakini nikampa mkono.

Yeye ndiye alikuwa kamishna wa skauti wa mkoa. Alikuja kunitaka niingie kwenye baraza la wadhamini. Akanieleza, nikiwa nimesimama na penseli sikioni: wadhamini ni watu saba ambao mali ya skauti iko mikononi mwao, yaani kiwanja, mahema, ngoma na bendera. Viongozi ni wengine, wale wanaokaa na watoto kila Jumamosi.

"Na malipo?"

"Hakuna anayelipwa. Mimi nina miaka thelathini silipwi."

"Hata posho ya kikao?"

"Hata soda."

Nilikubali palepale, na sababu naisema wazi. Yadini kwangu wanapita watu wa digrii kila siku wakiomba nipunguze bei. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia, njoo ukae na sisi, tunataka akili yako. Mama huyu ndiye wa kwanza.

Kikao changu cha kwanza kilikuwa darasani, tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Mwenyekiti wetu, mchungaji mmoja mwenye mwili wa kushiba, ilibidi asimame kikao kizima. Muuguzi mstaafu alileta chai ya rangi na viazi vitamu. Ajenda ilikuwa moja tu: kambi ya mkoa. Mkaguzi kutoka makao makuu angekuja kuikagua, na ikipita, watoto wetu ishirini na wanne wangekwenda kambi ya taifa. Miaka mingi mkoa wetu ulikuwa unaachwa nyumbani.

Kamishna akasema, "Nahitaji mirunda mia moja na hamsini. Mengine tutajua wenyewe."

Nikasimama. "Hilo mwachieni mtu wa mbao."

Wakapiga makofi. Kamishna akaendelea kueleza mambo ya kambi, lakini mimi kichwa kilishatoka darasani, kiko kazini. Mirunda! Fito za mikaratusi ambazo tunashikilia zege kwa wiki mbili halafu tunapikia chai. Hiyo ni kambi au zizi la mbuzi? Nikaapa moyoni kwamba watoto wa mkoa huu hawatadhalilika wakati mimi nipo hai.

Nilichukua mafundi sita na fuso moja ya mbao za paina, tukahamia kwenye kiwanja cha skauti, ufukweni upande wa Magu. Siku nne tulipiga kazi. Lango la mita tano, misumari ya inchi nne, kibao juu kimeandikwa KARIBUNI kwa rangi nyekundu. Jiko lenye bati jipya. Meza nne ndefu na mabenchi yake, nimeyapiga randa mpaka mchwa angeteleza. Na katikati ya uwanja, mlingoti wa bendera: bomba la chuma, limechomelewa, limesimikwa kwenye zege. Zege hilo nililichanganya mwenyewe. Sikumwachia mtu.

Ijumaa asubuhi nikapiga picha nikazitupa kwenye kundi letu la WhatsApp. Mchungaji alijibu kwa mikono ya sala. Muuguzi akaandika, "Mungu akubariki sana baba." Wengine vidole gumba. Kamishna alikuwa anatumia simu ya kitochi, hakuona kitu. Nikasema vizuri, atajionea kwa macho yake.

Saa tatu lori la watoto likafika, wako sitini, wanaimba mpaka ndege wa kwenye matete wakaruka. Lori likapinda, lango likaonekana, na wimbo ukakatika. Nilijua wamezidiwa na furaha. Nikasimama chini ya kibao changu, mikono kiunoni.

Kamishna alishuka polepole. Akagusa nguzo ya lango. Akagusa kichwa cha msumari kwa kidole.

"Hii kazi ya nani?"

"Yangu!"

"Watoto wangu wameigusa wapi?"

"Mwalimu, kwa nini wajichoshe? Mimi nipo."

Akamwita binti mmoja wa kidato cha pili, mwembamba, filimbi shingoni. Ndiye kiongozi wa kikosi kilichokuwa kinakaguliwa. Kamishna akamwambia, "Mweleze mzee."

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Pole na kazi, baba. Ila hii itatutoa." Akasema taratibu, kama anayempa mgonjwa dawa. Kila kinachosimama kambini lazima kiwe kimejengwa na skauti, kwa miti na kamba. Hakuna msumari. Hakuna mkono wa mtu mzima. "Kesho saa nne mkaguzi akiona kazi ya fundi, anafunga daftari anaondoka. Tumefanya mazoezi ya mafundo mwaka mzima, baba. Nyuma ya vyoo vya shule. Ona."

Akanionyesha viganja. Mimi viganja navijua, ndivyo ninavyoajiri watu yadini: sisomi cheti, nasoma kiganja. Vile vilikuwa na sugu za kamba, safu mbili, ngumu. Ningemwajiri siku hiyohiyo.

Nikahisi jasho limeingia machoni. Mirunda sikununua hata mmoja.

"Mwalimu," nikasema, "na kamba nazo sina."

"Kamba za katani nimekuja nazo. Nimefundisha miaka thelathini na nane. Mtu ambaye hasikilizi namjua akiwa bado mlangoni."

Alikuwa na haki. Lakini na mimi nina jambo moja Mungu alinipa: nikishakosea, sikai chini kulia. Nikampigia msimamizi wangu wa yadi.

"Mirunda tuna mingapi?"

"Arobaini tu, bosi."

"Pakia yote. Pita Usagara, kwa yule mwenye shamba la mikaratusi. Mwambie naitaka mia na kumi sasa hivi, akatae kuuza kwa mwingine, aache hata kunywa chai."

"Bosi, kuna nini, msiba?"

"Kimbia!"

Kamishna akapanga kazi pale pale: watu wazima wabomoe, watoto wachimbe mashimo yao. Saa tano wadhamini wenzangu wakaanza kufika na nguo za sherehe, wakidhani wanakuja kukata utepe. Wakakabidhiwa nyundo. Mchungaji alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya jiwe, kisha akashika mtaimbo na kuliendea lango langu kama lina pepo. Muuguzi alifunga kitenge kiunoni akawa anang'oa misumari, kila mmoja anauambia, "Fungua mdomo, haiumi." Tulicheka! Naapa, nilikuwa nabomoa jasho la siku nne huku nacheka mpaka mbavu zinauma. Mafundi wangu waliona nimechanganyikiwa.

Saa nane fuso ikatokea na vumbi lake. Watoto waliivamia. Sasa hapo ndipo nilipoona kitu. Nimejenga maghala, nimeezeka makanisa, lakini sijawahi kuona jengo linapanda bila sauti ya nyundo. Kamba inazunguka mti, inakazwa kwa mguu, inapita katikati, fundo. Anayefuata. Fundo. Binti anapuliza filimbi, wanane wanainua kwa pamoja, na lango linasimama. Kisha wakaanza mnara wa miguu mitatu. Mrunda mmoja ukawa unayumba, nikarukia kuushika.

"Baba, usiguse!"

Miaka ishirini hakuna mtu aliyenikaripia. Nikaachia mara moja, mikono juu, kama mwizi aliyekamatwa sokoni. Kikosi kizima kikacheka, na mimi pia.

Kabla jua halijazama walikuwa na lango, jiko, meza, na mnara uliolipita bomba langu kwa kimo. Kilichobaki ni hilo bomba. Tuliling'ang'ania watu tisa, tukalisukuma, tukalivuta kwa fuso mpaka mnyororo ukakatika. Wapi. Msimamizi wangu akasema, "Bosi, umelilisha saruji nyingi." Niliumia, lakini kwa siri nilijivuna kidogo. Zege langu halitoki, mtu asikudanganye.

Jumamosi saa nne kamili mkaguzi akafika, mtu mwembamba, buti zinang'aa, daftari kwapani. Watoto wamepanga mstari. Kamishna akaninong'oneza, "Utasema mwenyewe au niseme mimi? Maana kuficha hatufichi."

Nikatoka mbele. Nikasema: "Bwana mkaguzi, hilo bomba ni langu. Nilijenga na lango, na jiko, na meza. Watoto hawakunituma. Walipofika walinikataza. Vingine tumevibomoa, hilo limegoma. Kama kuna wa kutolewa, nitoeni mimi."

Mkaguzi alilizunguka bomba. Akalipiga teke.

"Nani kachanganya zege hili?"

"Mimi."

"Ni zuri mno," akasema, na hakucheka.

Akaenda kwenye kazi ya watoto. Akalitikisa lango. Akapanda mnara na buti zake, akaruka juu kule mara tatu, mchungaji akafumba macho. Akashuka, akalifungua fundo moja la meza, akamwambia binti, "Lifunge. Fumba macho." Binti akafumba. Mikono ikaenda yenyewe. Mkaguzi akanyonga kamba, akavuta, akauning'iniza mwili wake mzima hapo. Fundo likakaa.

Aliandika muda mrefu. Kisha akasema, "Kazi yenu imepita. Lakini skauti huondoka akiacha mahali kama alivyopakuta. Nafunga kambi kesho saa sita. Nikikuta bomba limetoka na shimo limefukiwa, mnakwenda. Likiwepo, hamwendi. Na atakayelitoa ni aliyeliweka."

Macho yote yakanigeukia. Binti alinitazama tu, anachezea filimbi.

Mwanza ni mji wa mawe, na wanaoyapasua mimi nawajua kwa majina yao yote. Mchana huohuo nilikuwa mlimani juu ya Igogo, kwa wapasua mawe, naongea Kisukuma changu cha utotoni na kuahidi bei mara mbili. Jumapili saa mbili asubuhi tulishuka ufukweni, wanne, na nyundo za kilo nane na tindo ndefu kama mkono. Mchungaji alikuwa ameamua ibada ifanyike palepale, fupi.

Tulipiga. Mimi nilipiga zamu yangu kama kijana, shati nimevua, tumbo nje, sijali. Watoto walikaa wakizunguka wanahesabu kwa sauti kila pigo. Mia moja. Mia mbili. Zege likatoa cheche tu. Kwenye mia tatu na kumi na nne mpasua mawe mzee akainama, akasikiliza, akasema kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kama anamsalimia mtu aliyeamka ndani ya ardhi. Ufa ulikuwa umepita. Wakaelekeza tindo, pigo moja, la pili, na bomba likainama taratibu likaanguka. Kelele za watoto zilisikika mpaka ng'ambo ya ghuba, usinibishie.

Kung'oa vipande kulituchukua saa mbili, kufukia nusu saa. Watoto wakaruhusiwa kurudisha majani juu. Saa sita kasoro dakika tisa mkaguzi akapita na buti zake, akakanyaga, akakanyaga tena. Akamgeukia binti.

"Kajiandaeni. Mnakwenda."

Mimi ndiye niliyepiga kelele kuwazidi wote. Nilimbeba mchungaji, mzito vile! Muuguzi akalia, kamishna akavua miwani akaifuta kwa skafu, akanipa mkono, wa kushoto. Binti akaja mbio, kikosi chote nyuma yake.

"Ahsante baba."

"Mtakwenda na basi langu!" nikabwata. "La kukodi, lote lenu, kiyoyozi, televisheni!"

"Mdhamini," kamishna akasema, "safari hii utauliza kwanza wanachohitaji?"

Nikamgeukia binti. "Haya, mwanangu. Mnahitaji nini?"

"Basi tu, baba. Na mirunda."

Walikwenda na basi, na mirunda sitini juu ya keria. Kwa wanaoniuliza gharama hadi leo pale yadini, mbao na bati, mafundi wa kujenga, mikaratusi ya Usagara, mnyororo wa fuso, wapasua mawe, na basi la kwenda na kurudi, jumla ilinitoka shilingi milioni sita, laki mbili, arobaini na saba elfu na mia tano.