Mbolea Haikuzidi

Jumamosi iliyopita, sokoni Rodi Kopany, nilishika kikapu kilichosukwa kwa magugu maji nikaanza kukikagua bua baada ya bua, nikitafuta alama za meno. Mwenye vikapu, mama wa makamo, akacheka. “Unanunua ama unakipima homa?” Kisha akanitazama vizuri. “Ngoja! Si wewe ni yule mtoto wa wadudu?”

Alikuwa jirani yetu wa zamani kule Homa Bay, aliyekuwa akisuka pamoja na nyanya yangu. Aliyoniambia baadaye yameninyima usingizi, lakini huwezi kuyaelewa bila kujua habari ya mapipa.

Nilipokuwa darasa la tano, magugu yalifunga ufuo wetu wa ziwa hadi mgeni angedhani ni shamba la mtu. Mitumbwi ikakauka juu ya mawe. Baba akaenda Migori kuchimba dhahabu, akaniahidi kwamba maji yakifunguka atarudi. Mwalimu wa sayansi ndiye aliyeleta wadudu: wadogo, wa kijivu, wenye pua kama fukusi wa mahindi. Alisema asili yao ni mbali, huko huko yalikotoka magugu, na kwamba hawali mmea mwingine. Aliweka mapipa mawili yaliyokatwa nusu uani kwa nyanya, akayajaza maji na magugu, akanikabidhi.

Sijawahi kupenda kazi kama ile. Kabla ya shule nilikoroga samadi kwenye maji hadi yafanane na uji mwepesi, ili magugu yanenepe na wadudu washibe. Nyuma yangu nyoyo ilichemka jikoni, mahindi yakigongana na maharagwe, na nyanya alikuwa akiponda mabua makavu kwa mchi wake, pa, pa, pa, tayari kwa kusuka. Nilifunua majani machanga kwa njiti ya ufagio, nikawaona wamejikunja humo wakisubiri giza. Jumamosi nilibeba mimea iliyoliwa, pamoja na wadudu wake, nikaiachia pale ufuoni. Kwa kila doa jeupe kwenye jani niliona baba amekaribia kidogo.

“Nyakwara,” nyanya aliniita, yaani mjukuu wangu, “hao wako wanakula kuliko wageni wa matanga.” Nilicheka. Sikuuliza kwa nini alikuwa akitupa mabua mengi kuliko aliyosuka.

Asubuhi moja niliwakuta wakielea, miguu juu. Mimea ilikuwa imelegea kama mboga iliyotolewa sufuriani. Mwalimu alipokuja, nilimwonyesha mapipa. Nyanya ndiye aliyesema, mkono wake begani kwangu: “Mwalimu, mtoto alizidisha mbolea.”

Mwalimu alitikisa kichwa, akabeba mapipa yake. Jioni ile nyanya alinipa kichwa cha samaki, ngege, sehemu ambayo hakuwahi kumpa mtu. Baada ya muda mfupi nikapata sare mpya. Nilidhani ananifariji.

Nikwambie ukweli: tangu siku hiyo siwezi hata kutia chumvi kwenye mboga bila kupima mara mbili. Nimejisomea kila nilichopata kuhusu wadudu hao, bila mwalimu, nikitafuta nilipokosea. Kote niliona kwamba magugu yaliyoshiba huwanenepesha. Nikadhani sijasoma vya kutosha.

“Maji ya kuchemshia nyoyo,” jirani aliniambia pale sokoni, bado akicheka, akidhani nilijua zamani. “Nyanya yako alimwaga sufuria nzima mapipani. Wadudu wako walitoboa mabua, tukisuka yanakatika mikononi. Sasa ungesoma na nini?”

Nililipia kikapu nikaondoka.

Baba alirudi mara moja tu, kumzika nyanya. Siku hiyo upepo ulikuwa umeyasukuma magugu ng'ambo na maji yalikuwa wazi kabisa. Kesho yake akapanda gari la Migori. Ua ule sasa ni shamba la mihogo, na sauti ya ule mchi wa nyanya haipo tena ufuoni.

Maji ya moto nimeshamsamehe nyanya. Alikuwa na mtoto wa kulisha, na baba yangu alikuwa mwanawe. Huenda alijua mapema kuliko mimi kwamba harudi. Lakini ule mkono begani, na yale maneno mbele ya mwalimu, nayabeba bado. Jana nilikoroga samadi ya sukuma wiki zangu, nikamwaga ndoo nzima bila kupima.