Kilio cha Mchungwa Rosette

Norbert Mutambo wa Lubondja ni mtu mpole, na ametusumbua kuliko wakorofi wote wa kijiji. Kazi yake ni kupandikiza michungwa. Anakata kijiti cha mchungwa mtamu, anakichomeka kwenye mche wa limau aliouotesha mwenyewe, anafunga kwa kipande cha sachet ya plastiki, na baada ya wiki chache vimekuwa mti mmoja. Limau linabaki chini kama mizizi, kwa sababu linastahimili ugonjwa wa gundi, ule unaopasua gome karibu na udongo mpaka mti unatoa utomvu na kukauka.

Mwanzoni tulichukua miche yake tukaiacha ife kiu. Nasema sisi, na mimi nimo. Ndipo akapata wazo ambalo hadi leo sijamsamehe: kila mche akaupa jina la anayeuchukua. Huku kwetu ndoyi wako, yaani mwenye jina lako, ni wewe mwenyewe. Mtoto wa jirani akipewa jina lako, unamnunulia nguo za sikukuu. Nani angemwacha ndoyi wake afe kiu? Tukamwagilia asubuhi na jioni. Shemasi Wilfried alimfunga wa kwake kitenge, asipigwe na upepo. Miti sitini na mitatu ikakua hivyo. Ule wa kwanza kabisa, uliotoa vijiti vya mingine yote, Norbert alikuwa ameuita Rosette, jina la mke wake. Ulisimama juu ya mteremko nyuma ya nyumba, na chini yake kulikuwa na kitalu cha miche.

Miaka kumi na moja gundi haikutugusa. Mwaka jana, mvua zilipozidi, ikamshika Wilfried. Namaanisha mti. Kwaya ikaja kuomba, na Wilfried, mzima wa afya, akalala kitandani siku mbili kwa heshima. Kisha akaenda kumweleza muuguzi mmoja habari za mgonjwa: umri miaka kumi, anatoka majimaji mguuni, amekonda. Muuguzi alikuwa na foleni ndefu. Akaandika bila kuinua kichwa kwamba anywe maji mengi. Karatasi ikasomwa kanisani, nasi sote tukaongeza maji. Katika mwezi mmoja miti kumi na tisa ilikuwa inatoa gundi, na mmojawapo ni mimi.

Norbert akapanda pikipiki mpaka mjini Baraka, akarudi na agronome, mtaalamu wa kilimo, binti anayeitwa Divine. Alipoona matope chini ya miti alishika kichwa. Akatueleza kwamba ugonjwa huu unaishi udongoni na unasafiri kwa maji kutoka mzizi hadi mzizi, kwa hiyo tulikuwa tunausafirisha wenyewe kwa ndoo. Wilfried akauliza kwa nini sasa, wakati limau liliushinda miaka yote.

«Ugonjwa nayo inazaa, papa,» Divine akamwambia. «Batoto bengine banatoka tofauti na bazazi yabo. Na mbegu za limau, mulitosha wapi?»

Norbert akakiri kwamba zote zilitoka kwenye mlimau mmoja nyuma ya kanisa. Divine akasema mbegu za limau mara nyingi huotesha miti ileile ya mama, kwa hiyo chini ya udongo hatuna miti sitini na mitatu, tuna mmoja. Ni kama kijiji kizima kimenunua kufuli za aina moja sokoni Misisi, zote za ufunguo mmoja: mwizi akiupata, hana haja ya kujifunza tena. Tuchanganye mizizi, limau hili na lile, pamoja na machungwa machungu ya kule milimani. Lakini kwanza miti iliyooza ikatwe, ichomwe, na wa kwanza uwe ule wa juu ya mteremko. Umeoza hadi mizizi, na mvua ikinyesha maji yake yote yanashuka kitaluni, kwenye miche mia mbili ambayo ndiyo maisha yote ya Norbert.

Wa juu ni Rosette. Wilfried akasema anayemchoma ndoyi amechoma mtu. Nilimuunga mkono, na naona haya kuandika hivi. Norbert alinoa shoka siku tatu na hakukata kitu, huku mawingu yakijaa upande wa ziwa. Mwishowe Rosette mke, mwanamke wa maneno machache, akasema kama shida ni kifo, basi tufanye kilio, tuuomboleze kama mtu.

Tukafanya. Turubai, viti vya kanisa, bugali na ndakala, dagaa wa ziwani. Marehemu alikaa mstari wa mbele, akala vizuri, akaongeza. Nilimpa pole kwa kufa kwake, akajibu asante. Ilipofika zamu ya mume, Norbert akasimama mbele ya mti, mkono juu ya gome lenye gundi.

Tulitegemea maneno mawili. Akasema kwa muda mrefu. Kwamba wakati hakuna aliyetaka miche yake, Rosette peke yake alimwamini. Kwamba amemlisha. Kwamba kila asubuhi humtazama kabla ya kutazama kitu kingine, na akilala Baraka usingizi haumjii. Kwamba hajawahi kumwambia asante. Akalia mbele yetu sote.

Rosette akaweka sahani chini.

«Papa Fabien,» akamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. «Hii myaka yote mi nilikuwaka mu nyumba. Mulango iko pale, haina kufuli.»

Hakuna aliyecheka, hata mimi. Matone ya kwanza yalianza kugonga turubai. Norbert akauachia mti, akafuta gundi vidoleni kwa suruali, akageuka. Akaanza tena toka mwanzo, akimtazama yeye, bila kuruka kitu. Pale pa asante alikwama, ikabidi arudie. Alipomaliza, Rosette akaenda kumletea shoka.